Penzi nyuma ya seng'enge: dhana na ukweli katika riwaya za Holokosti

Riwaya za mapenzi ndani ya kambi za Wanazi, watawala wa Ujerumani walioua mamilioni ya Wayahudi wa Ulaya (mauaji hayo ndiyo Holokosti), zinanunuliwa sana, na nyingi zina umbo lilelile: kijana, binti, seng'enge katikati, mkate wa kupitishwa kwa siri, ukombozi, harusi. Wapenzi wa kweli walikuwepo. Kosa liko kwenye kile ambacho riwaya hizo zinadai wapenzi hao waliweza kufanya. Ukikutana na tukio la kujitoa mhanga, liwe la kusoma au la kuandika, uliza kwanza: huyu alikuwa na nini cha kutoa, na alikipata wapi?

Dhana: wapenzi walikutana kwenye uzio

Birkenau, sehemu kubwa kuliko zote za Auschwitz, kambi ya Wanazi huko Poland, iliwatenga wanaume na wanawake katika maeneo yaliyozungushiwa seng'enge zenye umeme, chini ya minara ya walinzi. Kuusogelea uzio kulitosha mtu apigwe risasi. Walioweza kuonana ni wale ambao kazi iliwavusha: mafundi bomba, mafundi umeme, waezekaji, makarani, matarishi. Mwandishi ampe mhusika kazi kwanza, mchumba baadaye.

Mwaka 2008, huko Marekani, kitabu kilichonadiwa kuwa kumbukumbu za kweli kilifutwa kabla ya kutoka. Kilisimulia msichana aliyekuwa akimrushia mfungwa matufaha juu ya uzio, kisha wakaja kuoana. Watafiti walichukua ramani ya kambi iliyotajwa kitabuni wakaona kwamba raia asingeweza kuufikia uzio isipokuwa kando ya makazi ya SS wenyewe, kikosi cha Wanazi kilicholinda kambi. Mzee aliyekisimulia alikuwa mfungwa kweli, na ndoa yake ilikuwa ya kweli. Kilichobuniwa ni matufaha, na ndiyo yaliyokuwa yakiuza kitabu.

Mkate nao una vipimo. Auschwitz mfungwa alipata asubuhi nusu lita ya maji meusi yaliyoitwa kahawa, mchana kama robo tatu ya lita ya supu, jioni gramu 300 hivi za mkate na gramu 25 za majarini au soseji. Mkate huo wa jioni ndio uliopaswa kubaki hadi asubuhi, kwa hiyo anayemkatia mwenzake nusu amempa staftahi yake yote. Hata supu haikuwa sawa kwa wote: wa kuchotewa juu ya sufuria alikunywa maji, wa kuchotewa chini alipata viazi, na mwenye upawa ndiye aliyeamua. Ukiona mhusika anagawa chakula miezi mitatu mfululizo na bado ana nguvu, jua ana chanzo ambacho mwandishi hajakitaja. Mara nyingi kilikuwa jikoni au "Kanada", jina ambalo wafungwa waliyapa maghala ya kupanga mizigo ya waliokwisha kuuawa. Kipande cha jibini ambacho riwaya inakiita zawadi ya mapenzi yawezekana kilitoka kwenye kapu la familia iliyoshushwa kwenye treni siku hiyohiyo.

Dhana: penzi lilitosha kufungua lango

Tarehe 24 Juni 1944 Mala Zimetbaum, Myahudi aliyekulia Ubelgiji, alitoroka Birkenau pamoja na Edek Galiński, Mpolandi. Edek alivaa sare ya SS. Mala alivaa ovaroli ya kiume na kujitwisha sinki la kunawia, kana kwamba ni mfungwa anayepelekwa kulifunga mahali; sinki likaficha nywele na uso. Walikamatwa tarehe 6 Julai milimani karibu na mpaka wa Slovakia, wakarudishwa na kuuawa mwaka huohuo. Majina na namba zao, alizokwaruza Edek kwenye kuta za seli za Bloku 11, gereza la kambi, bado zinasomeka.

Tarehe 21 Julai mwaka huo, Jerzy Bielecki alimtoa Cyla Cybulska kwa mbinu ya namna hiyohiyo: kibali cha kughushi, na sare iliyokusanywa kipande kwa kipande na mfungwa mwenzake wa ghala la nguo. Hawa walifanikiwa.

Sasa waangalie wanaume hao wawili. Hawakuwa Wayahudi, na wote walifika na msafara wa kwanza wa wafungwa wa kisiasa wa Poland, Juni 1940, kwa namba 531 na 243. Miaka minne iliwapa marafiki maghalani na ujuzi wa njia na zamu za walinzi. Mala naye alikuwa mkalimani na tarishi, mtu wa kupita malangoni. Linganisha na Wayahudi wa Hungaria zaidi ya 400,000 walioletwa kati ya Mei na Julai 1944, wengi wao wakiuawa siku ya kufika. Huwezi kumshusha mhusika kwenye treni hizo mwezi Mei na kumpa sare ya SS mwezi Juni.

Tena utoro uliweza kuwagharimu waliobaki. Mwaka 1941 mfungwa mmoja alipotoweka, wenzake kumi walichaguliwa wafe njaa. Padri Maximilian Kolbe aliomba kuchukua nafasi ya mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, ambaye aliishi hadi 1995. Badiliko hilo liliwezekana kwa sababu ofisa alikubali. Mwenye idhini alikuwa yeye. Janusz Korczak, aliyeongozana na watoto 200 hivi wa kituo chake cha yatima kutoka geto la Warsaw, mtaa walimofungiwa Wayahudi, kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka, Agosti 1942, hakumwokoa hata mmoja. Alikwenda ili wasiende peke yao.

Dhana: askari wa SS aliyependa aligeuka mwokozi

Franz Wunsch, askari wa SS pale Kanada, alimpenda Helena Citrónová, Myahudi wa Slovakia. Dada yake Helena alipofikishwa Birkenau na watoto wawili, Wunsch alimtoa dada huyo. Watoto waliuawa. Mwaka 1972, katika kesi ya Wunsch mjini Vienna, dada hao wawili walitoa ushahidi kuhusu msaada wake. Mashahidi wengine walieleza alivyowatesa wafungwa. Aliachiwa huru. Riwaya inayoita uhusiano kama huo "penzi lililokatazwa" haina budi kuonyesha pia kwamba mmoja wao hakuwa na njia salama ya kusema hapana.

Dhana: mama aliweza kuchagua

Kwenye jukwaa la reli, ambako SS waliwachagua waliofika, wa kazi na wa kuuawa, mama mwenye mtoto mdogo kwa kawaida alipelekwa kwenye chumba cha gesi ya sumu pamoja na mwanawe, hata akiwa na nguvu za kufanya kazi. Kuwatenganisha kungezua vurugu, na SS walitaka foleni tulivu. Wafungwa waliopokea mizigo walijua, na baadhi yao waliwanong'oneza mama vijana: mpe bibi mtoto. Aliyetii hakujua kwa nini, na aliyekataa hakujua pia. Ukimpa ufahamu kamili pale jukwaani, umemtwisha uamuzi ambao hakuwahi kuwa nao.

Mawili ya haraka. Namba za kuchorwa mwilini zilikuwa za Auschwitz na matawi yake tu, na waliopelekwa moja kwa moja kwenye gesi hawakuchorwa. Na penisilini ya magendo kambini mwaka 1943 haiwezekani: wakati huo dawa hiyo ilikuwa adimu hata kwa majeshi ya Uingereza na Marekani.

Dhana: kuficha mtu kulitaka moyo tu

Kulitaka chakula kisicho na kadi ya mgao, ndoo ya choo ya kumwagwa usiku, na jirani asiyeuliza mbona mnanunua unga mwingi hivyo. Katika Poland iliyokaliwa, tangu Oktoba 1941, adhabu ya kumficha Myahudi ilikuwa kifo. Familia ya Ulma ya Markowa ilificha watu wanane. Tarehe 24 Machi 1944 polisi wa Kijerumani waliwaua wanane hao, kisha Józef, mkewe Wiktoria aliyekuwa mjamzito, na watoto wao sita.

Mjini Berlin tabibu Mmisri, Mohamed Helmy, alimficha msichana Myahudi, Anna Boros, na mwaka 1943 akampatia cheti cha kusilimu na cha ndoa na Mmisri. Ndoa ya karatasi, ya kuokoa roho! Helmy ndiye Mwarabu wa kwanza kutambuliwa kuwa mwokozi wa Wayahudi na Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu za Holokosti, mwaka 2013.

Dhana: ukombozi, kisha harusi

Harusi zilikuwa nyingi, hasa kwenye kambi za wakimbizi baada ya 1945, lakini mara nyingi ni watu wawili waliokwisha kupoteza kila mtu, wameoana baada ya kujuana majuma machache. Bielecki alimwacha Cyla kwa wakulima, akajiunga na wapiganaji wa msituni. Vita vilipopita pale alitembea kilomita 40 hivi kwenye theluji kumfuata, akakuta ameondoka siku nne kabla. Kila mmoja akaamini mwenzake amekufa. Walionana tena 1983, uwanja wa ndege wa Kraków, Bielecki ameshika mawaridi 39, moja kwa kila mwaka. Cyla, mjane sasa, alimtaka aiache familia yake waende wote Marekani. Bielecki alikataa, kwa ajili ya watoto wake.