Ruhusa ya choo ni sehemu ya dawa

Kliniki yangu ya watoto wenye maradhi sugu ya tumbo hutoa barua nyingi kwa walimu wakuu kuliko kwa madaktari wenzangu.

Juzi mama mmoja alifungua daftari la mwanawe wa darasa la tatu, akanionyesha maneno ya kalamu nyekundu: mtoto afundishwe usafi nyumbani. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipompapasa tumbo, chini kushoto nikagusa bonge gumu kama ndimu. Uchafu haukuwa tatizo lake. Alikuwa amefunga choo kwa miezi.

Choo kikikaa sana kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, hukauka, na puru hutanuka mpaka ikawa kama lastiki ya soksi iliyolegea. Ikifika hapo haitoi tena taarifa kwamba imejaa. Kinyesi laini kinachofuata hupenya pembeni mwa lile bonge, kikavuja kwenye nguo, na mtoto hasikii kitu. Wenzake ndio wanaomjulisha. Sijui fimbo inamfundisha nini. Hata mwenye chafya huisikia ikija.

Dawa zipo: laktulosi, au ile ya unga inayoshikilia maji ndani ya utumbo. Hutumiwa kwa miezi, maana puru hairudi ukubwa wake kwa wiki moja. Ila dawa hulainisha tu, kukaa chooni ni kazi ya mtoto mwenyewe. Akae saa ngapi? Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka na kusukuma, kwa hiyo nusu saa ya kwanza baada ya kula ndiyo yenye mavuno. Shuleni, hiyo ni baada ya uji wa saa nne.

Hapo ndipo matibabu yangu hukwama. Foleni ni ndefu, mlango hauna komeo, maji hakuna, na kengele imeshalia. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini zipo shule ambazo tundu moja linahudumia zaidi ya watoto 50. Mtoto anabana. Wengine nimegundua hawagusi uji wala maji kutwa nzima ili wasihitaji choo, na choo kinazidi kuwa kigumu.

Basi barua huomba mambo madogo. Mtoto atoke bila kunyoosha mkono na kujieleza mbele ya darasa. Akiweka kadi juu ya dawati, mwalimu ameelewa. Apewe dakika kumi chooni baada ya uji, hata kengele ikilia, na ikiwezekana atumie choo cha walimu (ombi hili ndilo hukataliwa zaidi). Awe na chupa yake ya maji. Akae karibu na mlango. Sare ya akiba ikae kwa mwalimu wa darasa, pamoja na kopo lenye mfuniko la kutia iliyochafuka. Wakati wa mtihani, dakika alizopoteza chooni arudishiwe.

Kwa mwenye kolostomi, yaani aliyefanyiwa upasuaji kinyesi kikatokea kwenye tundu la tumboni na kuingia kwenye mfuko, naongeza mstari mmoja: tundu lile halina msuli wa kubana, kwa hiyo “subiri kidogo” kwake haina maana. Wengi wao walizaliwa bila njia ya haja kubwa, au wana ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo mwisho wa utumbo hauna seli za neva za kuusukuma. Hata tundu likishafungwa na njia ya kawaida kutumika, baadhi huendelea kuvuja kwa miaka, wakati shule inaamini wamepona.

Mwalimu wa kalamu nyekundu alinipigia simu siku aliyopata barua. Sikumlaumu, wala hakuomba radhi. Aliuliza, “Daktari, na yule wa darasa la tano ambaye hakuna anayekubali kukaa naye?” Nikamwambia amwite mzazi wake, waje wote Alhamisi.