Bamvua si jina la maji kujaa

Bahari ikimwaga maji barabarani, haichukui saa moja utasikia "bamvua limepiga". Kumbe mwezi uko nusu angani, maji ni mafu, na kilichovuka ukuta ni mawimbi ya upepo tu.

Bamvua ni kile kipindi cha siku chache, mara mbili kwa mwezi, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huwa kubwa. Ikiwa ndogo, hayo ni maji mafu.

Neno la kushika hapo ni tofauti, nalo ndilo linalorukwa. Wanafunzi wengi hujibu kwamba bamvua ni maji yaliyojaa sana, kisha wakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya jibu. Siku ya bamvua maji hujaa kupita kawaida, na siku hiyohiyo hupwa kupita kawaida. Jedwali la maji la bandari ya mwambao wetu linaweza kusomeka hivi: kupwa mita 0.3, kujaa mita 3.8. Toa, unapata mita 3.5. Wiki moja baadaye, kupwa mita 1.5, kujaa mita 2.5, tofauti ni mita 1 tu. (Namba hizo si kina cha bahari. Zinahesabiwa kutoka usawa wa chini kabisa wa kupwa, ule ambao wachora ramani za bahari wanauita sifuri.) Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Unguja, husubiri bamvua kwa sababu ya kule kupwa: ndipo vigingi na kamba vinapofikika kwa miguu. Ukiwaambia bamvua ni maji kujaa watakushangaa, maana kwao ndio wakati wa kuingia shambani.

Sababu iko juu. Mwezi huvuta bahari, na jua nalo huvuta. Nguvu ya jua katika kazi hii ni kama asilimia 46 ya ile ya mwezi. Dunia, mwezi na jua vikikaa karibu na mstari mmoja, nguvu hizo hujumlishwa. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwa upande mwingine na kupunguza kazi ya mwezi. Kosa la pili linazaliwa hapa: kudhani bamvua ni la mwezi mpevu pekee. Mstari hunyooka mara mbili, mwezi unapokuwa mpevu na pia unapokuwa gizani, kabla haujaandama. Hili la pili husahaulika kwa kuwa angani hakuna cha kutazama.

Tena bahari huchelewa kuitika. Kilele huja siku moja au mbili baada ya mstari kunyooka, ndiyo maana anayefuata mwezi mwandamo hulitarajia bamvua siku za mwanzo wa mwezi, kisha tena kuanzia tarehe 15 hadi 17. Kujaa kumoja hufuatwa na kwingine baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo ratiba husogea mbele kila siku. Hata hivyo bamvua la Unguja lina saa zake: maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 alasiri. Makubwa zaidi huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta.

Wimbi la upepo hupita kwa sekunde chache. Maji ya bamvua huchukua zaidi ya saa 6 kupanda. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilifika mwambao wetu siku ya mwezi mpevu, lakini ilisababishwa na tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra, si na mwezi. Mawimbi yakikutana na kujaa kwa bamvua, maji hufika mbali zaidi nchi kavu, na hapo kusema "mawimbi wakati wa bamvua" ni sahihi kabisa. Nahodha aliyepandisha chombo mchangani kwenye kilele cha bamvua anaijua vizuri tofauti ya bamvua na mawimbi: maji ya kesho yakipungua kidogo tu, huenda akasubiri karibu wiki mbili chombo kielee tena.