Boti ya kuchezea inayorusha maji: wanayosema watu ufukweni na yanayotokea majini

Mtoto wa Kigoma hajifunzi boti kitabuni. Anaziona Kibirizi, bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika, tangu hajaanza shule: za abiria, za mizigo ya vijiji vya mwambao, na za wavuvi wa dagaa zinazorudi alfajiri. Likizo ikifika, vidumu na malapa yaliyokatika vinageuka boti. Na siku hizi, kwa kuwa mota za redio za kaseti mbovu na pampu ndogo za maji hazikosekani kwa mafundi, boti hizo zinakwenda zenyewe na kurusha maji mfano wa boti za zimamoto. Au ndivyo inavyotarajiwa. Nyingi hupinduka mara tu pampu inapowashwa, na hapo kila aliyesimama ufukweni ana maelezo yake. Maelezo hayo nimeyasikia sana. Mengine yana chembe ya ukweli, mengine hayana kabisa.

"Boti nyepesi ndiyo inayopinduka, itie jiwe"

Huu ndio ushauri unaotolewa kuliko wote, na ndio unaozamisha boti nyingi kuliko wote.

Boti inapolala upande, ubavu ulioshuka unazama zaidi, na maji yanausukuma juu. Kadiri ubavu huo ulivyo mbali na katikati ya boti, ndivyo msukumo huo unavyopata nguvu ya kuisimamisha tena. Kwa hiyo la kuuliza kwanza ni upana wa boti pale inapogusana na maji, kisha uzito wake umekaa juu kiasi gani. Idadi ya gramu inakuja baadaye sana.

Tupige hesabu. Chukua boti ya umbo la sanduku, urefu sm 30, upana sm 8, na uzito wake wote, betri na pampu zikiwemo, ni gramu 600. Maji yasiyo na chumvi yana uzito wa gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo boti hiyo lazima isukume maji ya sentimita za ujazo 600. Gawa kwa eneo la kitako chake, yaani 240, utaona kwamba itazama sm 2.5.

Sasa kuna nukta ambayo wasanifu wa meli huiita metasenta. Kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa boti unalingana, kikiwa chini ya nukta hiyo, boti inajisimamisha. Kikiwa juu yake, inapinduka, na hakuna nahodha wa kuizuia. Kwa boti ya sanduku, urefu wa metasenta kutoka kitakoni unapatikana hivi: chukua nusu ya kina ilichozama, kisha jumlisha upana mara upana uliogawanywa kwa kina mara 12. Kwa boti yetu ni 1.25 jumlisha 2.13, karibu sm 3.4. Wengi hubandika betri juu ya sitaha na kusimamisha mnara wa kurushia maji juu yake, na kitovu cha uzito hufika sm 5 bila shida. Boti hiyo itapinduka hata ziwa likiwa shwari.

Haya, itie jiwe la gramu 200, ulilaze kitakoni kabisa. Kitovu cha uzito kinashuka hadi kama sm 4. Lakini boti nayo imezama zaidi, na metasenta imeshuka hadi sm 3.3. Bado inapinduka, tofauti ni kwamba sasa ina jiwe la kuipeleka chini, na Ziwa Tanganyika lina sehemu zenye kina cha mita 1,470.

Rudi nyuma, toa jiwe, acha kila kitu kilivyokuwa, halafu panua kitako kutoka sm 8 hadi sm 12. Itazama sm 1.7 tu, na metasenta itapanda hadi sm 8. Kitovu cha uzito kile kile cha sm 5 sasa kiko sm 3 chini yake. Ni upana wa vidole viwili tu ulioongezwa.

Wavuvi wa dagaa wanaotumia mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti hawahitaji hesabu hizi. Wanasimama usiku juu ya maji, taa zinaning'inia, wavu mzima unavutwa juu, na chombo kinatulia kwa sababu maji yanakishika huku na huku, mbali na katikati. Chupa mbili za maji za nusu lita, zilizofungwa vizuri na kuachanishwa kama sm 10 kwa vijiti, zinafuata kanuni hiyo hiyo, na kwa mtoto anayeanza sijaona muundo unaosamehe makosa kuliko huo. Kila chupa inabeba karibu gramu 500 kabla ya kuzama yote. Ukibebesha zote mbili gramu 500 kwa jumla, zinakaa nusu ndani, nusu nje.

"Ikiyumba polepole, ujue imetulia"

Ni kinyume chake. Bonyeza ubavu mmoja kwa kidole, uachie. Boti inayorudi haraka, kwa mitikisiko mifupi, ina nguvu ya kujisimamisha. Inayojivuta, ikalala, ikafikiri kwanza kabla ya kurudi, iko karibu kupinduka, hata kama kwa macho inapendeza. Jaribio hili lifanyie kwenye beseni, nyumbani. Mwaka 1628 huko Stockholm, meli ya kivita ya Vasa ilijaribiwa kwa mabaharia 30 kukimbia kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, ikayumba vibaya hadi jaribio likasitishwa. Iliondoka hivyo hivyo tarehe 10 Agosti, na haikumaliza hata kilomita mbili kabla ya kuzama.

"Maji yanayoruka hayawezi kuisukuma boti"

Yanaweza, na hapa ndipo boti inayorusha maji inapotofautiana na boti ya kawaida. Kanuni ya tatu ya Newton inafundishwa sekondari, lakini mara nyingi inabaki huko huko darasani: boti ikiyasukuma maji kwenda kushoto, maji yanaisukuma boti kwenda kulia.

Chukua pampu ndogo inayoweza kupandisha maji nusu mita. Maji yanatoka kwenye mdomo wake kwa kasi ya kama mita 3 kwa sekunde. Mdomo ukiwa na kipenyo cha mm 3, yatatoka karibu mililita 22 kila sekunde, na boti itasukumwa kinyume kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 7 hivi. Gramu 7 si kitu, utasema. Lakini zinasukuma kutoka juu ya mnara, sm 13 juu ya maji, wakati sehemu iliyozama inakataa kusogea. Ile boti pana ya sm 12 italala digrii 3 tu, mtu wala hatagundua. Boti ya sm 8, hata ukishusha betri zote hadi kitakoni ili angalau isimame, italala karibu digrii 20. Hapo kijiwimbi kimoja cha boti inayopita kinatosha kumaliza kazi.

Mbali na kuipanua boti, dawa ziko tatu, na zote ni za bure. Shusha mdomo, mnara wa sm 6 unapunguza msukosuko kwa nusu, na maji bado yanaonekana. Ama elekeza mdomo nyuma, ili msukumo uwe msaada wa mota. Ukiuelekeza mbele unafunga breki, ukiuelekeza pembeni unailaza boti na kuigeuza njia kwa pamoja. Ama weka midomo miwili, mmoja kushoto mmoja kulia, ifutane nguvu. Mimi hii ya tatu ndiyo naipenda, kwa sababu inapendeza na haiharibu mwelekeo. Hata wakubwa wanapambana na jambo hili: boti ya zimamoto ya New York iitwayo John J. Harvey, iliyoshushwa majini mwaka 1931, ilikuwa na uwezo wa kurusha lita zipatazo 68,000 kwa dakika, na chombo cha namna hiyo hakikai mahali pamoja bila injini kufanya kazi ya kukishikilia.

"Tundu likiwa dogo sana, maji yatafika mbali sana"

Hili lina nusu ukweli. Ukiziba mdomo wa bomba kwa dole gumba, maji yanaruka mbali, kila mtu amefanya hivyo. Sababu ni kwamba maji yanayopita yamepungua, kwa hiyo presha haipotei njiani kwenye mpira. Lakini presha haiwezi kuzidi ile ya kwenye chanzo. Pampu inayopandisha maji nusu mita haitarusha maji juu zaidi ya nusu mita hata ukitoboa kwa sindano, na kwa mlalo wa digrii 45 yatafika mita moja, labda pungufu kidogo kwa sababu ya hewa. Tundu la sindano litakupa ukungu unaopeperushwa na upepo, na mchanga utaliziba kabla hujamaliza kujisifu. Milimita 2 hadi 3 zinatosha.

"Boti ibebe maji yake kwenye tangi"

Boti inaelea juu ya maji, halafu inabebeshwa maji! Mzigo huo si mzito tu, unatembea pia. Boti ikilala upande, maji ya tangi yanakimbilia upande huo huo, kama abiria waliosikia kuna kitu cha kutazama dirishani. Ndiyo maana hata maji machache yaliyovujia ndani yana hatari kuliko uzito wake. Ukilazimika kuwa na tangi, ligawe katikati kwa ukuta unaotoka mbele hadi nyuma. Ukuta huo mmoja unapunguza madhara hadi robo.

Chota maji ziwani. Ila pampu hizi ndogo, pamoja na zile za kunyunyizia vioo vya magari ambazo ni za volti 12, zina kifeni ndani kinachotupa maji pembeni, na kifeni hicho hakina uwezo wa kunyonya kikiwa na hewa. Ukiiweka pampu juu ya sitaha na kushusha mrija majini, itaimba tu. Iweke chini ya usawa wa maji. Kama ni ya kuzamishwa, ifunge chini ya boti, kati ya zile chupa mbili: inapata maji muda wote na uzito wake unashuka mahali unapotakiwa.

"Nikiwasha pampu mota inakufa"

Haifi, inanyang'anywa umeme. Mota yenye mzigo wa propela inaweza kula nusu ampea au zaidi, na betri za kawaida za bei rahisi, zile za kaboni, volti zake zinaporomoka zikidaiwa kiasi hicho. Tumia za alkalini, au bora zaidi, ipe pampu betri zake na mota zake. Zipange katikati, chini kabisa, zikiwa zimebanwa zisiteleze.

Propela kubwa nayo haileti mwendo mkubwa. Mota hizi huzunguka haraka lakini hazina nguvu ya kukokota; ukizifunga propela kubwa zinapunguza mzunguko, zinavuta umeme mwingi na kuunguza vidole. Ya kipenyo cha sm 3 inatosha. Ekseli nzuri ni spoku ya baiskeli ndani ya mrija wa kalamu uliojazwa grisi, kwa sababu grisi ndiyo inayozuia maji kuingia. Mota yenyewe huzungusha boti kinyume cha propela, hivyo boti nyembamba huanza safari ikiwa imeshainama upande mmoja.

"Umeme na maji ya ziwa, mtoto atapigwa shoti"

Kwa volti 3 au 6 za betri, hapana. Kinachopata taabu ni waya na vichwa vya betri, vinavyoota kutu ya kijani. Cha kuogopa ni betri za lithiamu zinazofunguliwa kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa: zikiguswa na waya kwa waya zinaweza kuwaka moto. Hizo ziache kwa fundi. Na hatari kubwa zaidi ni mtoto kuifuata boti inayokimbia, hasa kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi unapovuma. Boti ifungwe mshipi wa kuvulia kabla ya kuguswa na maji.

"Supagluu inashika kila kitu"

Lile povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni linaelea vizuri kupita kiasi, lakini supagluu hulila likabaki tundu, na petroli hulifanya uji. Tumia gundi ya mbao, au gundi ya moto ikiwa imepoa kidogo.

Kwenye mdomo wa kuingizia maji wa pampu funga kipande cha soksi ya nailoni, maana mchanga wa ufukweni unaua pampu kuliko kitu kingine. Ikianza kunguruma bila kutoa maji, izime kwanza, kisha ifungue uisuuze kifeni.