Uthibitisho wa kufikishwa mzigo: maana yake, na kwa nini risiti ya kutuma haitoshi

Ugomvi mwingi wa mzigo kati ya watu wawili waliouziana kitu mtandaoni hufika kwenye sentensi hii: "Uthibitisho ninao, risiti hii hapa." Muuzaji huisema kwa nia njema kabisa. Ameipiga picha karatasi aliyopewa kaunta, ameituma, na kwake yeye jambo limekwisha. Mnunuzi anajibu, "Risiti nimeiona, ndugu yangu. Mzigo ndio sijauona." Kuanzia hapo ni lawama, kisha matusi, kisha neno "tapeli" linarushwa pande zote mbili. Mara nyingi hakuna tapeli hapo. Kuna watu wawili wanaoita vitu viwili kwa jina moja, na pesa imekwama katikati yao.

Uthibitisho wa kufikishwa mzigo ni kumbukumbu ya msafirishaji inayoonyesha kwamba mzigo fulani ulikabidhiwa kwenye anwani iliyokubaliwa, tarehe fulani, na ikiwa bidhaa ni ya thamani kubwa, kwa mtu aliyetia saini. Risiti ya kutuma ni kumbukumbu kwamba msafirishaji aliupokea mzigo kutoka kwa muuzaji. Moja inashuhudia mwisho wa safari, nyingine mwanzo wake. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachonikera ni sentensi inayozaliwa na mkanganyiko huo, ambayo siku hizi inaandikwa chini ya matangazo ya kuuza kana kwamba ni sheria: "Nikishamkabidhi msafirishaji, jukumu langu limekwisha." Haikutoka hewani. Ina asili halali, na ndiyo maana watu wanaiamini. Wafanyabiashara wanaosafirisha shehena kati ya nchi na nchi wamezoea tangu zamani kukubaliana mapema ni wapi hatari ya njiani inamtoka muuzaji na kumwangukia mnunuzi. Chemba ya Biashara ya Kimataifa ilichapisha masharti hayo kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kwa jina la Incoterms, na toleo la 2020 lina masharti 11. Katika baadhi yake muuzaji anaondokana na hatari mara mzigo unapoingia mikononi mwa msafirishaji au unapopakiwa melini. Lakini kila sharti katika hayo huingia kwenye mkataba kwa kuandikwa, baina ya watu wanaojua nani anakata bima na nani anamlipa msafirishaji. Mtu anayeuza kamera yake ya zamani kisha akasema bei yake ni "FOB" ametumia sharti la usafiri wa meli kwa kitu kilichofungwa kwenye bahasha. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, ambao nao una kanuni ya hatari kuhama mzigo unapokabidhiwa msafirishaji wa kwanza, unasema katika kifungu chake cha 2 kwamba hauhusu vitu vilivyonunuliwa kwa matumizi binafsi, ya familia au ya nyumbani.

Niwatendee haki wauzaji, kwa sababu upande wao una hoja ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Sheria zinazomlinda mnunuzi dhidi ya mzigo kupotea njiani kwa kawaida zinamlenga muuzaji ambaye ni mfanyabiashara. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni hiyo katika maelekezo yake ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji: hatari inabaki kwa mfanyabiashara mpaka mlaji, au mtu aliyemteua, aushike mzigo. Uingereza ina kanuni kama hiyo katika sheria yake ya haki za walaji ya 2015. Zote mbili zina mlango mmoja wa kutokea: mnunuzi akichagua mwenyewe msafirishaji ambaye muuzaji hakumpendekeza, hatari inamhamia pale msafirishaji huyo anapokabidhiwa mzigo.

Sasa muuzaji akiwa mtu binafsi, anayeuza baiskeli yake moja, hali inabadilika. Uingereza inamrudisha kwenye sheria ya mauzo ya bidhaa ya 1979, ambayo kama kanuni ya kuanzia inahesabu kumkabidhi msafirishaji kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Nchini Marekani, kanuni za biashara zinazofuatwa na karibu majimbo yote zinatofautisha makubaliano ya kutuma na makubaliano ya kufikisha. Kama mliahidiana kutuma tu, hatari inamhamia mnunuzi pale msafirishaji anapokabidhiwa mzigo. Kama mliahidiana kufikisha mahali palipotajwa, inahama pale mzigo unapowekwa tayari mbele ya mnunuzi. Kwa hiyo yule anayesema jukumu lake limekwisha anaweza kuwa sahihi mbele ya hakimu, kutegemea nchi aliyopo na walichoandikiana.

Tatizo ni kwamba kesi yake haitafika kwa hakimu. Itaamuliwa na aliyepitisha pesa, naye ana kanuni zake. PayPal, kwa mfano, inatenganisha wazi uthibitisho wa kutuma na uthibitisho wa kufikishwa. Mnunuzi akilalamika kwamba mzigo haukumfikia, muuzaji anatakiwa kuleta uthibitisho wa kufikishwa. Risiti ya kutuma inaweza kumsaidia katika shauri la aina nyingine, pale mwenye akaunti anapodai kwamba malipo yalifanywa bila idhini yake. Katika shauri la mzigo usiofika haimwokoi. Kwa mauzo ya dola 750 za Marekani au zaidi, kanuni zake nchini humo zinataka na saini ya mpokeaji. Muuzaji aliyeokoa pesa kidogo kwa kukataa huduma ya saini anaweza kushindwa shauri hata kama mzigo ulifika salama, kwa sababu tu hana namna ya kulionyesha hilo.

Na mnunuzi aliyelipa kwa kadi ana njia nyingine, ya kuiomba benki yake iyavute malipo yarudi. Hii nayo watu huichanganya na kurudishiwa pesa. Kurudishiwa pesa ni uamuzi wa muuzaji; yeye mwenyewe anazirudisha. Malipo yanapovutwa na benki, muuzaji haombwi ruhusa, anapewa nafasi ya kujibu kwa ushahidi. Ushahidi unaotafutwa pale kwa mzigo unaodaiwa kutofika ni ule ule: kwamba ulifika, wapi, lini.

Kuna malipo yanayoweza kuua njia hizi kwa mkupuo mmoja. Ni yale ya kutumiana pesa kama ndugu au marafiki. Muuzaji huyaomba ili kukwepa makato, mnunuzi anakubali ili kuonyesha wema, kisha mzigo ukipotea mnunuzi anakuta kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu hakununua kitu. Alimpa mtu zawadi. Kwa jambo hili sina maneno ya katikati. Usimlipe mtu usiyemjua kwa njia hiyo, na wewe muuzaji usimwombe mwenzako afanye hivyo.

Tuje kwenye namba ya kufuatilia mzigo, ambayo ndiyo inawapoteza wengi zaidi kwa sababu inaonekana kama uthibitisho. Namba yenyewe haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni mistari iliyoandikwa chini yake. Muuzaji akichapisha lebo nyumbani kwake, namba inazaliwa muda huo huo, na ukurasa wa msafirishaji unaweza kusema taarifa za mzigo zimepokelewa wakati mzigo wenyewe uko bado juu ya meza yake. Mnunuzi anaona namba, anaona ukurasa unafunguka, anatulia. Wiki mbili baadaye mstari ni ule ule mmoja. Hapo hata kutuma hakujathibitika, achilia mbali kufika.

Kwa vifurushi vya posta vinavyovuka mipaka, hata sura ya namba inasema jambo. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, una kiwango kinachotumiwa na posta za nchi mbalimbali: herufi mbili, tarakimu tisa ambazo ya mwisho ni ya kukagulia, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka. Herufi ya kwanza ndiyo ya kuangalia. R ni barua au kifurushi kidogo kilichosajiliwa, C ni kifurushi cha kawaida cha posta, E ni huduma ya haraka ya EMS. Ikianza na U, mara nyingi hiyo ni barua ya kawaida isiyofuatiliwa hadi mlangoni. Inaweza kuonekana ikitoka nchi ya kwanza na isionekane tena hata ikifika salama kabisa. Mnunuzi anayedai uthibitisho wa kufikishwa kwa namba inayoanza na U anadai kitu ambacho huduma iliyolipiwa haikitoi. Na muuzaji aliyeahidi "utaufuatilia mpaka mlangoni" huku akilipia huduma hiyo, ameahidi asichonunua.

Hata neno "umefikishwa" likionekana, lisomwe kwa makini. Linaweza kuwa na maana kwamba mzigo uliachwa mlangoni na kupigwa picha, au alikabidhiwa jirani, au ulipelekwa mtaa mwingine wa mji ule ule. Hilo la mwisho ni mbinu inayojulikana ya utapeli. Mtu anauza kompyuta mpakato, anatuma bahasha yenye karatasi kwa anwani nyingine iliyo katika mji wa mnunuzi, na ukurasa wa ufuatiliaji unaonyesha mji sahihi na neno "umefikishwa". Ukurasa wa wazi mara nyingi hauonyeshi jina la mtaa wala namba ya nyumba, kwa hiyo mbinu inapita. Dawa yake iko kwa msafirishaji. Mwombe akuandikie mzigo huo ulikabidhiwa anwani ipi, na ulikuwa na uzito gani ulipopimwa. Uzito ni shahidi mzuri sana. Kumbukumbu ikisema gramu 40, na bidhaa mliyouziana ni kompyuta ya kilo moja na nusu, huhitaji tena kubishana na mtu.

Wanunuzi nao wana kosa lao, na linawagharimu mashauri ambayo wangeshinda. Kifurushi kimefika, umekifungua, ndani kuna simu ya aina nyingine au kipande cha tofali. Usiseme "mzigo wangu haukufika." Ulifika. Muuzaji ataleta uthibitisho wa kufikishwa, ni wa kweli, na shauri linaweza kufungwa dhidi yako siku hiyo hiyo. Lalamiko lako ni kwamba ulichopokea hakifanani na kilichotangazwa, na lina ushahidi wake: tangazo la awali, mazungumzo yenu, picha za kifurushi kikiwa hakijafunguliwa pamoja na lebo, picha za kilichokuwamo. Chagua lalamiko sahihi tangu mwanzo, kwa sababu kubadilisha katikati humfanya msikilizaji akutilie shaka.

Muda nao unakimbia. PayPal inampa mnunuzi siku 180 tangu siku ya malipo kufungua mgogoro, kisha siku 20 za kuzungumza na muuzaji kabla ya kuupandisha uwe dai rasmi. Siku hizo 20 zikipita bila kuupandisha, mgogoro unajifunga. Muuzaji asiye mwaminifu anaijua hesabu hiyo, na ndiyo maana majibu yake yana upole mwingi: vumilia kidogo, forodha wamechelewa, wiki ijayo. Kuupandisha mgogoro uwe dai si kumtukana mtu. Mzigo ukifika baadaye, unalifunga dai mwenyewe na mnaachana vizuri.

Jambo moja la mwisho ambalo pande zote mbili hulisahau, na ambalo lingemaliza nusu ya mabishano: mzigo ukipotea kweli, anayemdai msafirishaji fidia kwa kawaida ni aliyetuma. Yeye ndiye aliyeingia mkataba naye, yeye ndiye mwenye risiti. Kwa mizigo iliyosajiliwa ya posta za kimataifa, mtumaji anaweza kumwachia mpokeaji haki hiyo, lakini inaanzia kwake. Muuzaji anayemwambia mnunuzi "nenda ukawadai wenyewe" anamtuma mahali ambapo huenda asisikilizwe. Hapa ndipo ile risiti ya kutuma inapopata kazi yake halisi: ni karatasi ya muuzaji kumdai msafirishaji, na kwa kazi hiyo ni ya thamani kubwa, itunzwe.

Kwa hiyo, muuzaji, kama unataka hatari ya njiani iwe ya mnunuzi, mwambie kabla hujapokea pesa yake, mtajie msafirishaji, mpe nafasi ya kulipia bima na saini, na jibu lake la kukubali libaki kwenye maandishi. Mkishaelewana hivyo, mpe risiti na uiite risiti ya kutuma. Akikuuliza uthibitisho wa kufikishwa na huna bado, mjibu kwamba bado huna, na kwamba unaufuatilia kwa msafirishaji.