Nyotamkia si kimondo

Kila nyotamkia angavu inapojitokeza, habari husambaa kwamba "kimondo kinapita angani leo usiku". Watu hutoka nje, hukodolea macho juu dakika tano wakingoja kitu kikimbie, hawaoni, hurudi ndani. Kumbe yenyewe ilikuwa imetulia chini karibu na upeo wa macho, mkia umesimama. Neno moja tu limewakosesha, na jambo hilo huniuma.

Nyotamkia, au kometi, ni bonge la barafu, vumbi na mawe linalolizunguka jua. Likilikaribia, barafu hugeuka mvuke, ukatoka pamoja na vumbi na kufanya mkia. Kimondo ni chembe, mara nyingi ndogo kama punje ya mchanga, inayoingia katika angahewa na kuwaka kwenye kimo cha kilomita 100 hivi. Sekunde moja mbili, imekwisha. Nyotamkia iko mbali mamilioni ya kilomita, na husogea kidogo kidogo usiku hadi usiku. Ile ya Hale-Bopp, mwaka 1996 na 1997, ilionekana kwa macho matupu kwa takriban miezi 18. Kimondo gani hicho cha miezi 18?

Tukubali kwamba hata jina letu linapotosha. Hii si nyota, maana mwanga wake hutokana na jua. Na mkia wa mnyama humfuata nyuma, ilhali huu husukumwa na mwanga na upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka juani, hivyo daima huelekea upande ulio mbali nalo. Nyotamkia ikishalizunguka jua na kuanza kuondoka, mkia ndio unaotangulia! Wagiriki waliiita kometes, mwenye nywele ndefu, na humo ndimo lilimotoka neno kometi. Kwangu mimi, nywele zinakaribia ukweli zaidi: ukiupa upepo mgongo, nywele hukujia usoni.

Undugu upo, sikatai. Vimondo vinavyoonekana kila Oktoba upande wa kundi la nyota la Orioni ni vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley, ambayo yenyewe tutaiona tena mwaka 2061. Lakini vumbi la njiani si msafiri.

Basi ukisikia kwamba kimondo kitaonekana wiki nzima baada ya machweo, mwambie msemaji kwa upole kuwa hiyo ni nyotamkia. Achukue darubini ndogo ya macho mawili, atazame pale jua lilipozama, wala asiwe na haraka.