Simu na bando la kukihudumia kishikwambi

Tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 23 Agosti 2022 vianze kugawiwa walimu, maswali ninayoletewa hapa Morogoro yamebadilika. Zamani mteja alitaka kujua simu ipi ina kamera nzuri. Siku hizi mwalimu anaweka kishikwambi mezani na kuuliza: ninunue simu gani, na nijiunge bando gani, ili na hiki kipate intaneti kupitia hotspoti, yaani simu kukigawia intaneti yake kwa Wi-Fi? Wengi wanakuja wameshachagua bando kwa kuangalia bei, wamebakiza simu tu. Mimi huwageuzia mpangilio. Anza na mahali utakapokaa kufanya kazi, halafu simu, bando liwe la mwisho kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu GB 20 za bei poa hazina maana kama nyumbani kwako mtandao huo unashika kwa kubahatisha. Kabla hujatoa hela, waombe wenzako wenye laini za mitandao mingine waje na simu zao pale pale utakapokuwa unakaa, na iwe saa ile ile utakayokuwa unafanya kazi. Mtandao unaokimbia saa nne asubuhi unaweza kusuasua saa mbili usiku, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani na mnara umejaa.

Vijiti vya mtandao juu ya kioo usiviamini sana, maana kila kampuni inayotengeneza simu inavichora inavyotaka. Kwenye simu nyingi za Android ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, fungua hali ya laini, utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Namba ikikaribia sifuri ndiyo mawimbi yana nguvu. Ukiona -85 umekaa pazuri. Ikishafika -110 na kwenda mbali zaidi, video zitakuwa zinakwama. Kama namba ni nzuri na bado intaneti inatambaa, basi mnara umezidiwa na watu, na hakuna simu itakayokusaidia hapo. Jaribu mtandao mwingine.

Nyumba zetu nyingi zimeezekwa bati, na bati hurudisha mawimbi ya redio. Ndiyo maana unaweza kusimama uani ukapata 4G safi, ukiingia chumbani inashuka. Hapa hotspoti ina faida ambayo watu hawaitumii: simu si lazima ikae na wewe. Iache dirishani, upande unaoelekea mnara, kivulini, wewe endelea na kishikwambi mezani. Wi-Fi ya simu inamudu umbali wa chumba bila shida.

Sasa simu yenyewe. Kwa mwalimu wa kijijini, jambo la kwanza ninaloangalia ni bendi, yaani masafa ya redio ambayo simu inaweza kuyashika. Masafa ya chini, yaani 700 na 800 MHz, yanasafiri mbali na kupenya kuta vizuri kuliko 1800 MHz, ambayo ndiyo 4G ya kawaida maeneo ya mjini. Kwa lugha ya mafundi hizo ni Bendi 28, Bendi 20 na Bendi 3. Simu ikikosa Bendi 28 na 20, mnara unaweza kuwepo, majirani wakapata 4G, wewe ukabaki na 3G. Simu zinazotengenezwa kwa soko letu kwa kawaida hazina tatizo hili. Mwenye kuhitaji uangalifu ni yule aliyeletewa simu na ndugu kutoka Marekani. Nyingi kati ya zile zilizouzwa na kampuni za simu za huko hazina bendi zote za huku, na zipo ambazo, ukiwasha hotspoti, kwanza huuliza ruhusa kwa kampuni iliyoiuza. Jibu lisipokuja, hotspoti inakataa kuwaka. Nyingine inawaka, kishikwambi kinaunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Hiyo mara nyingine hupona kwa kuingia kwenye mipangilio ya APN, ile inayoiunganisha laini na intaneti, na kuongeza neno dun kwenye sehemu ya aina ya APN. Kama umeletewa simu ya namna hiyo, ijaribu hotspoti kabla hujaitegemea.

Suala ambalo karibu hakuna anayeniuliza, nami naliona kubwa kuliko yote, ni simu inapopigwa. Uko kwenye kikao cha Zoom kwa kishikwambi, mtu anapiga, intaneti inakata au inakuwa nzito, unadhani mtandao ni mbovu. Kinachotokea ni hiki: 4G ilijengwa kwa ajili ya data. Kama simu yako haina VoLTE, yaani uwezo wa kubeba maongezi kwenye 4G yenyewe, inayofanya kazi kwenye mtandao huo, kila unapopigiwa inashuka hadi 3G au 2G ili ibebe maongezi. Ikishuka 3G kishikwambi kinavuta kwa shida. Ikishuka 2G, mara nyingi data inasimama kabisa mpaka ukate. Na simu kuandikwa kwenye boksi kwamba ina VoLTE hakutoshi, kwa sababu si kila mtandao unaikubali kila simu.

Kupima ni rahisi, na unaweza kufanya ukiwa dukani. Weka laini yako, subiri iandike 4G au LTE juu, kisha mwambie mtu akupigie na upokee. Angalia pale juu. Ikibaki 4G, VoLTE inafanya kazi. Ikigeuka H au 3G, au E ambayo ni 2G, simu hiyo itakukatisha kila ukipigiwa.

Wenye laini mbili wana mtihani mwingine. Simu nyingi za laini mbili hugawana redio moja, hivyo ukipokea simu kwenye laini ya pili, data ya laini ya kwanza husimama. Kwa mwalimu mwenye laini ya bando na laini nyingine ambayo wazazi na mwalimu mkuu wanaijua, hiyo ni kero ya kila siku. Ushauri wangu hapa hauna kona: hamishia laini ya kupigiwa kwenye kiswaswadu. Simu ya batani ni ya bei ndogo, inakaa na chaji siku kadhaa, na smatifoni inabaki na kazi moja tu ya kutoa intaneti.

Betri usiidharau. Ikitoa hotspoti, simu inaongea na mnara na kishikwambi kwa wakati mmoja, na panapokuwa na mawimbi dhaifu inatumia nguvu nyingi zaidi kuufikia mnara. Chukua yenye betri ya mAh 5000, itoe kava wakati wa kazi, na kama ni lazima ichajiwe huku inatoa intaneti, iweke juu ya meza, si kwenye godoro. Simu iliyotumika ambayo betri yake imechoka usiipe kazi hii. Kwa barua pepe na ujumbe wa maandishi tu, unaweza kugawa kwa Bluetooth. Ni ya polepole lakini haili chaji kama Wi-Fi.

Wi-Fi ya 5 GHz inafaa bwenini au ofisi ya walimu ambako hotspoti ni nyingi, kwa sababu kwenye 2.4 GHz watu wanapigana vikumbo. Nyumbani kwako peke yako, 2.4 inatosha. Ukitumia iPhone kuanzia ile ya 12 na kishikwambi cha zamani hakiioni, kwenye mipangilio ya hotspoti kuna swichi ya kuongeza upatanifu. Iwashe, itashuka kwenye 2.4. Na mtandao wa 5G? Kwa kazi hii usiongeze hela kwa ajili yake, labda kama unaishi mjini na umeshahakikisha ipo mtaani kwako.

Hapo ndipo tunafika kwenye bando, na bando haliwezi kuchaguliwa bila kujua kishikwambi kinakula nini. Kishikwambi kikiona Wi-Fi kinadhani ni ya bure. Programu zinajisasisha zenyewe, picha zinapandishwa mawinguni, na video zinaweza kuchagua ubora wa juu. Bando la wiki linaweza kuondoka usiku mmoja, umelala. Simu na kishikwambi vyote vikiwa Android za kisasa, simu huwa inakitaarifu kishikwambi kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, nacho hujizuia kiasi. Usitegemee hilo peke yake. Gusa jina la Wi-Fi hiyo kwenye kishikwambi na uchague mwenyewe kwamba inapimwa. Kwenye iPad washa hali ya data kidogo. Kisha washa Kiokoa Data (Data Saver), swichi inayozizuia programu kula data kimyakimya, kwenye kishikwambi. Kwenye simu usikiwashe, maana simu ya Android yenye Kiokoa Data haikubali kutoa hotspoti, na wengi wanafikiri imeharibika.

Ukishafanya hivyo, hesabu inawezekana. Zoom yenye video hula kuanzia nusu GB hadi kama GB 1 kwa saa. YouTube kwenye ubora wa 480p ni kama nusu GB kwa saa. Ukiiacha ipande 1080p inazidi GB 1 na nusu. Chukua mwalimu mwenye vikao vya saa mbili kwa wiki, anayeangalia video za masomo nusu saa kila siku ya kazi, na kupakua mitihani na maandalio. Hapo ni kama GB 5 kwa wiki, GB 20 kwa mwezi. Kwa mtu huyo bando la siku la kila asubuhi ni hasara, maana kinachobaki kinaisha muda. Aende la wiki au la mwezi. Bando la mitandao ya kijamii halimfai, kwa sababu Zoom na tovuti za elimu kwa kawaida hazimo. Bando la usiku linamfaa sana kama anapakua video za kuonyesha darasani: pakua usiku, onyesha mchana bila intaneti.

Bando lisilo na kikomo soma masharti yake. Uliza kasi inashuka baada ya GB ngapi, na inashuka mpaka ngapi. Kbps 512 zinatosha kusoma na kutuma nyaraka, lakini kikao cha video hakiwezi kwenda. Hakikisha pia bando halijafungwa kwenye ruta moja, maana yapo yanayouzwa kwa ruta tu na ukihamishia laini kwenye simu hayafanyi kazi.

Simu yoyote utakayoamua, mpya ya dukani au iliyotumika, kabla ya kulipa bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama jina la simu linalorudi ni la hiyo uliyoshika. Simu bandia zilizimwa nchini mwezi Juni 2016, na zinazofungiwa bado hazishiki mtandao wowote. Halafu weka laini yako, washa hotspoti, unganisha kishikwambi chako pale pale, cheza video dakika kumi, na umwambie muuzaji akupigie.