Je, wajua? Usingizi hauondoi pombe kwenye damu

Wako madereva wengi wanaoamini kwamba ukishalala, pombe imekwisha. Mtu anakunywa usiku Moshi, analala, anaoga maji baridi, anapiga supu ya mbuzi karibu na stendi, na saa kumi na mbili asubuhi anashika usukani kwenda Arusha. Anajisikia mzima kabisa. Akipulizishwa kipimo njiani anakutwa na ulevi, naye anaapa hajaonja tone tangu jana. Hadanganyi. Kipimo nacho hakidanganyi.

Tuanze na chupa. Asilimia inayoandikwa pale ni ya ujazo: bia ya asilimia 5 ina mililita 5 za pombe tupu katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 basi inabeba mililita 25, ambazo zina uzito wa gramu 20 hivi, maana pombe ni nyepesi kuliko maji. Sasa chukua kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35, kile kinachoingia mfukoni mwa koti. Humo mna gramu 55, karibu sawa na bia tatu. Anayesema "leo nimegusa kidogo tu" ameangalia ukubwa wa chupa, hajaangalia namba.

Mbege haina hata hiyo namba. Maji ya ndizi mbivu zilizochemshwa yakishachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, hamira ya asili inakula sukari na kutoa pombe, na haiachi kazi eti kwa sababu mbege imeshafika kilabuni. Ya leo ni tamu. Ikilala mpaka kesho imechachuka na imekuwa kali zaidi. Kata ileile, pombe tofauti. Na ule uchungu ambao wageni huudhania ndio ukali unatoka kwenye gome la msesewe, wala haukuambii lolote kuhusu kiasi cha pombe.

Ikishanywewa, pombe haisubiri kumeng'enywa. Inapenya ukuta wa utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu na kusambaa katika maji yote ya mwili. Kwa hesabu iliyowekwa na Erik Widmark, mwanasayansi wa Sweden, bia moja humpandisha mwanamume wa kilo 70 kwa takriban miligramu 40 katika kila mililita 100 za damu. Mwanamke wa kilo 60 hufika karibu 60 kwa chupa hiyohiyo, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji machache zaidi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka mpaka kwenye miligramu 80.

Kinachoiondoa ni ini, na ini lina mwendo wake: miligramu 15 hivi kwa saa, kwa wengine pungufu, kwa wengine zaidi. Umelala au uko macho, halibadilishi gia. Kahawa, hata iwe ya Kibosho iliyokolea, itakufumbua macho tu. Chakula kinasaidia kikitangulia, kwa sababu tumbo lililojaa huiachia pombe taratibu. Supu ya asubuhi inakuta mambo yameshaingia kwenye damu. Kwa jasho, mkojo na pumzi hutoka sehemu ndogo mno. Lakini hiyo ndogo ya kwenye pumzi ndiyo kipimo kinayoisoma, nayo inatoka ndani ya mapafu, kwa hiyo pipi ya mnanaa haiifichi.

Mrudie sasa yule dereva wetu, tuseme ana kilo 70. Alianza saa mbili usiku, akamaliza bia sita: miligramu 240. Kufika saa kumi na mbili asubuhi zimepita saa kumi, ini limeondoa 150. Zimebaki 90, na gari limejaa abiria. Damu yake itakuwa safi kama saa sita mchana. Akizimua kwa bia moja kabla ya kuondoka, anapanda tena mpaka 130, na hiyo saa sita inasogea mpaka karibu saa tisa alasiri.